Dengu Zetu Katika Visahani vya Walebanoni

Katika miji mikubwa ya dunia, ile ambayo watu wa kila taifa hukutana humo ama kwa tijara, ama kwa elimu, ama kwa kuyakimbia madhila ya kwao, ni nadra siku hizi kuukosa mkahawa wa Kilebanoni. Na la ajabu si kuwapo kwa mikahawa hiyo, maana kila taifa hupika na kila mgeni hula, bali ni kwamba nchi yenye eneo la kilomita za mraba 10,452 tu, karibu nusu ya Mkoa wetu wa Geita, imeweza kuyatoa maakuli ya wakulima wake wa milimani na kuyaweka mezani pa matajiri wa London, São Paulo, Dubai na Abidjan, na sasa mezani pa matajiri wa Dar es Salaam pia. Mimi niandikaye haya maskani yangu ni Katoro, mji wa dhahabu, wa maduka na wa vumbi, ulioshikana na Buseresere hata mgeni asijue mmoja unapokoma na mwingine unapoanza. Na huenda msomaji akauliza mtu wa Katoro ana haja gani na vyakula vya Beirut. Haja anayo, na sababu ya haja hiyo ni dengu.

Mfanyabiashara wa kwetu aendapo Dar es Salaam hufuata bidhaa Kariakoo, na akimaliza kununua hula papo hapo Kariakoo, akarudi kwenye basi lake la Singida na Nzega bila ya kuiona bahari. Walakini yupo pia yule ambaye mwenyeji wake wa mjini, kwa kutaka kumkirimu, na kwa kutaka, tuseme kweli, kumwonyesha kwamba yeye mwenyeji naye amefika, humpakia gari jioni akampeleka upande wa Masaki na Msasani, au katikati ya mji penye mkahawa kama Al Basha, ambao kwa miaka mingi umetajwa katika vitabu vya kuwaongoza wasafiri. Nami nimepata kukirimiwa namna hiyo, katika nyumba moja ambayo sina haja ya kuitaja. Tulikaa mahali penye kiyoyozi, mbali na jikoni, nikangoja sahani iliyojaa kama tulivyozoea kwetu, ambapo wali ukipungua kidogo tu mwenye hoteli hudhaniwa mwizi. Lakini mhudumu alileta visahani, kimoja baada ya kimoja, mpaka meza ikakosa nafasi ya kuweka kiwiko. Kulikuwa na majani mabichi yaliyokatwakatwa hata yakawa madogo kama majani ya chai, yaliyochanganywa na nyanya, ndimu na punje chache za ngano. Kulikuwa na biringanya iliyochomwa juu ya moto mpaka ganda likawa mkaa, kisha ikapondwa nyama yake. Kulikuwa na mtindi uliochujwa maji ukabaki mzito, na nanaa juu yake. Kulikuwa na achari ya rangi ya waridi ambayo kwa ukali wake ilinikumbusha achari za pwani. Mikate ilikuja ya moto, myembamba, imefura kwa mvuke, nayo ndiyo iliyokuwa kijiko chetu.

Katikati ya visahani hivyo palikuwa na rojo zito la rangi ya siagi, lililotandazwa kwa mgongo wa kijiko likafanyiwa bonde la mduara, na bondeni mle mafuta ya zeituni yamesimama yakimeta. Mwenyeji wangu aliniambia kwamba hiyo ndiyo homosi, na kwamba mtu asiyeila homosi hajala Kilebanoni. Nilipouliza imefanywa kwa kitu gani, alinyamaza, kwa maana alikuwa ameila miaka mingi pasipo kuuliza. Aliyenijibu ni yule kijana mhudumu, ambaye kwa matamshi yake nilikuwa nimekwisha kumtambua kuwa ni mtu wa kanda yetu. Aliinama akasema kwa sauti ya chini, kama atoaye siri ya nyumba, "Dengu tu hizo, mzee. Kama zile za kwetu."

Nikaichungulia bei. Kisahani kile kimoja kingeweza kununua kilo kadha za dengu kavu mnadani, na chenji ya soda ikabaki.

Msomaji wa pwani ambaye dengu huziona katika unga wa bajia tu yafaa aelezwe zinatoka wapi. Katika wilaya za Shinyanga, Kishapu, Maswa, Kwimba na Misungwi kuna ardhi nyeusi ya mfinyanzi, ambayo Wasukuma huiita mbuga, ambayo masika huwa matope yasiyopitika kwa gurudumu wala kwato, na kiangazi hupasuka nyufa hata mtoto akaweza kuupoteza mguu wake humo. Mvua zinapokaribia kwisha na maji kupungua, mkulima huzipanda dengu katika ardhi hiyo iliyojaa unyevu, naye haziombei mvua nyingine. Mmea hujipatia riziki kwa maji yaliyohifadhiwa na udongo na kwa umande wa usiku, ukakomaa wakati ambapo mashamba mengine yote yamekauka. Ni zao la subira na la akili, lisilotaka mengi, nalo huwapa watu fedha katika miezi ambayo pamba haijauzwa au imeuzwa na fedha yake imekwisha. Baada ya kuvunwa na kupurwa hutiwa magunia, hupimwa, huuzwa, na siku hizi huuzwa zaidi kwa mnada katika mfumo wa stakabadhi ghalani, kisha hupakiwa malori kuelekea bandarini, na sehemu iliyo kubwa huvuka bahari kwenda Bara Hindi, ambako huparazwa, husagwa na kuliwa na mamilioni.

Sasa, maadamu dengu ni zetu, kwa nini ufundi wa kuzila tumeuona kwa Walebanoni? Hapo historia inaingia. Katika Afrika ya Magharibi, tangu mwisho wa karne ya 19, watu wa Lebanoni na Shamu waliteremka Senegal, Sierra Leone na Ivory Coast, wakafungua maduka, wakawa madalali baina ya mkulima wa karanga au kakao na kampuni za Wazungu, hata leo Dakar na Abidjan zina mitaa ambayo Kiarabu cha Beirut husikika humo tangu asubuhi. Huku kwetu kiti hicho kilikuwa kimekwisha kukaliwa. Wahindi walikuwapo Unguja tangu enzi ya Sayyid Said, wakishika forodha na kukopesha misafara, na baada ya reli ya Uganda maduka ya mfanyabiashara wa Kihindi Allidina Visram yalikwisha kuenea bara mpaka kandokando ya ziwa. Na Mwarabu ambaye babu zetu wa Usukuma walimjua hakuwa Mlebanoni, bali alikuwa Mmanga wa Omani aliyetokea Tabora na kanga, chumvi na halua, au Mshihiri wa Hadhramaut mwenye buli la kahawa. Kwa watu hao tulijifunza pilau, sambusa, biriani na bajia, na huko pwani bokoboko, nasi tukavifanya vyetu kiasi cha kwamba mtu wa Katoro akioza binti bila ya pilau huhesabiwa kuwa hakuoza. Homosi haikuwamo katika mizigo hiyo.

Walebanoni nao hawakutoka kwao kwa kupenda matembezi. Biashara ya hariri iliyokuwa nguzo ya milima yao ilianguka. Kisha ikaja njaa ya mwaka 1915 hadi 1918, wakati wa vita kuu ya kwanza, ambayo wanahistoria wengi hukadiria kuwa iliua theluthi hivi ya watu wa Mlima Lebanoni. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1975 hadi 1990. Na katika zama zetu hizi, kuporomoka kwa fedha yao tangu 2019 na mripuko wa bandari ya Beirut tarehe 4 Agosti 2020. Kila tufani la namna hiyo liliwatupa watu ng'ambo, na mtu aliyetupwa ng'ambo bila ya mtaji hubaki na mikono yake na alichofundishwa na mama yake. Katika London, barabara iitwayo Edgware Road ilijaa mikahawa na maduka ya Kiarabu katika miaka hiyo ya vita, ukiwamo mkahawa wa Maroush uliofunguliwa mwaka 1981, na si ajabu usiku wa Ijumaa kumkuta huko Mswahili wa Unguja au wa Mombasa akitafuta nyama ya halali na mahali pa kukaa pasipo pombe. Nairobi nako, katika barabara ya Lenana, kuna mkahawa ulioitwa Cedars, kwa jina la ile mierezi ambayo mmoja wake umechorwa katika bendera yao. Kwa hivyo chakula hiki kilipofika Dar es Salaam hakikufika pamoja na wahamaji wengi. Kilifika na sifa iliyokwisha kufanywa London na Dubai, na tajiri wa Masaki alikuwa amekwisha kuionja huko kabla ya kuiona hapa.

Lakini sifa haijileti. Nimelifikiri jambo hili sana, na hitimisho langu ni kwamba ushindi wa Mlebanoni umetokana na kutokuona haya. Angalia vilivyomo katika visahani vile: dengu, adesi, ngano iliyovunjwavunjwa, majani, biringanya, maziwa yaliyoganda, kitunguu saumu. Nyama huja mwisho, na si lazima ije. Hivyo ni vyakula vya mkulima asiye na ng'ombe wa kuchinja kila siku, na Mlebanoni alipovipeleka mjini hakuvificha nyuma ya mchuzi wa Kifaransa, ingawa Wafaransa waliitawala nchi yake. Aliviweka mbele, kwanza, kwa majina yake, katika vyombo safi, akamwambia mgeni akae. Na ili mgeni asipotee, alivifanya vifanane: orodha ya mkahawa wa Beirut na ile ya Dar es Salaam huanza kwa visahani vile vile, hata mtu aliyeionja mara moja mahali popote hujua atakachokikuta penginepo. Mji wa Zahlé, ulio katika bonde la Bekaa, ambako mikahawa imepangwa kandokando ya mto Berdawni, ulitiwa na UNESCO mwaka 2013 katika miji ya ulimwengu yenye sifa ya mapishi. Na mwezi wa Mei 2010, baada ya mabishano marefu na Waisraeli juu ya nani mwenye homosi, wapishi wa Lebanoni walikusanyika wakafanya sahani moja ya homosi yenye uzito wa kilo 10,452, kilo moja kwa kila kilomita ya mraba ya nchi yao. Mtu aweza kucheka, nami nilicheka niliposoma, zaidi kwa kuwa Wapalestina, Wasiria na Wamisri nao wana madai yao, na pengine madai yenye nguvu zaidi. Walakini nani kati yetu amewahi kugombana na jirani kwa ajili ya michembe?

Hebu turudi Katoro. Jioni, makarasha ya kusaga mawe yanapopunguza kelele na pikipiki zinapowashusha watu kutoka Rwamgasa na Nyarugusu, wakiwa na unga wa mawe katika nyusi zao, majiko ya mama ntilie kandokando ya stendi huwa yamekwisha kuwaka. Mtu hukaa kwenye benchi, hunawishwa, huletewa ugali na sato wa kukaanga au dagaa au maharage, hula kwa haraka bila ya maneno, hulipa, huondoka, na mwingine hukaa papo hapo kabla benchi haijapoa. Sina la kulaumu hapo. Mama ntilie ndiye anayeulisha mji, na heshima yake ni kubwa kuliko ya mikahawa yote ya Masaki. Lakini yule ambaye duara lake, yaani shimo lake la machimbo, limetoa dhahabu na anataka kuketi na jamaa zake saa tatu nzima, anakwenda wapi, na anakula nini? Anakwenda penye viti vya kuegemea na muziki, na huko ataletewa kuku mzima, chipsi, nyama choma, na chupa za vinywaji zilizopangwa mezani hadharani ili zihesabiwe na wapitao. Orodha ni ile ile nyumba kwa nyumba: wali, ugali, chipsi, ndizi, kuku, samaki, nyama. Karamu kwetu ni wingi wa kitu kimoja.

Na hatua chache kutoka hapo, sokoni, kuna mama aliyekaa chini na ndoo zake za michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, ambavyo ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, vikawa vitamu kama tende na vigumu kama kiatu mpaka vilainishwe. Kando yake kuna nsansa, majani makavu ya kunde ambayo yakiungwa kwa karanga hutoa mchuzi mweusi wenye harufu ya moshi na ya mvua. Kuna mtindi katika madumu. Kuna kisamvu, mlenda, dagaa wa ziwani, karanga za kila namna, na dengu katika debe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo, ukitoa dagaa na kisamvu, kinachovuka barabara kuingia hotelini. Mgeni akija kutoka Dar es Salaam hupelekewa chipsi, ambazo amezikimbia kwao.

Najua nitakavyojibiwa. Mzee mmoja wa hapa, ambaye alizichimba dhahabu kabla kampuni kubwa hazijaja na kabla ya mgodi wa Geita kufunguliwa mwaka 2000, alipata kuniambia kwamba michembe ni chakula cha njaa, na kwamba hakutoka shimoni na uhai wake ili aje ale tena alichokula mwaka wa ukame. Jibu hilo nalistahi. Mtu hupenda kusahau alichokila kwa kulazimika, na si haki kwa mwenye kushiba kumhubiria aliyewahi kuona njaa utamu wa vyakula vyake vya dhiki. Hata hivyo njaa ya 1915 haikuwafanya Walebanoni waione aibu ngano yao iliyovunjwa wala adesi yao. Wajukuu wa walionusurika ndio waliokwenda kuziuza London. Pengine tafauti ni hii, kwamba Mlebanoni alikitazama chakula cha nyumbani kutoka mbali, akiwa ugenini, na umbali huo ulimfanya akione upya. Sisi tumekaa nacho karibu mno, na tena tunaishi katika mji ambao karibu kila mtu amekuja kutafuta kitu atakachokwenda kukitumia mahali pengine.

Maana Katoro, kwa kadiri yake, ni mji wa mchanganyiko kama ile mikubwa. Wazinza na Wasukuma ndio wenyeji, lakini dukani utauziwa na Mchaga, utanyolewa na Mhaya, pikipiki yako itatengenezwa na Mha, na mgodini utamkuta Mkurya, Mjaluo, Mrundi, na Mchina mwenye mitambo yake. Mahali kama hapo ndipo mikahawa huzaliwa. Sisemi ujengwe mkahawa wa Kilebanoni Katoro. Wala sitaki turudishiwe shisha, ambayo serikali iliipiga marufuku mwaka 2016 na ambayo, kwa rai yangu, ni sehemu ya karamu ya Kiarabu tunayoweza kuikosa bila ya hasara. Nasema meza ya namna ile, ya visahani vingi vidogo vinavyoliwa na watu wengi kwa saa nyingi, inaweza kupangwa hapa kwa vitu vilivyopo hapa: nsansa ya karanga katika bakuli, dagaa wakavu waliokaangwa, sato vipande, mlenda, mtindi mzito, matobolwa yaliyotokoswa kwa maziwa, na dengu. Na ugali mdogo mdogo, wa moto, uletwe na kuletwa tena, kama wao wanavyoleta mkate.

Dengu nazitilia mkazo kwa sababu ya pili, ambayo ni ya fedha. Mwaka 2017 serikali ya Bara Hindi iliweka kiwango cha mwisho cha mbaazi zitakazoingia nchini mwao, na mkulima wa mbaazi wa Tanzania, ambaye hakuwa na mlaji mwingine, aliiona bei ikianguka mpaka wengine wakaziacha shambani. Mbaazi na dengu husafiri kwa njia moja. Zao ambalo hatulili sisi wenyewe, na ambalo hatulipiki kwa namna ya kumfanya mwingine alitamani, bei yake huamuliwa na watu wasiotujua katika vikao tusivyoalikwa. Dhahabu yetu angalau imepata hatua: tangu 2019 ina masoko yake rasmi, na la kwanza lilifunguliwa hapa hapa Geita, na tangu 2021 kuna mtambo wa kuisafisha Mwanza, hata dhahabu ikaweza kutoka kanda hii ikiwa imekwisha kuoga. Dengu bado zinaondoka na mchanga wake ndani ya gunia.

Basi, nikiwa nimechoshwa na kufikiri bila ya kutenda, nilimwendea jirani yangu mmoja, mama ntilie ambaye mkono wake nauamini. "Mwadila, mayu," nikamwamkia. "Mwadila, baba, karibu, leo kuna maharage," akanijibu. Nikamweleza nilichokila Dar es Salaam. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Dengu zipondwe kama dawa? Si tutakunywa uji, baba?" Lakini alizichukua. Alizilowesha usiku kucha katika maji yenye magadi kidogo, akazichemsha asubuhi mpaka punje ikabonyea baina ya vidole viwili, akazisugua ndani ya sufuria ya maji baridi hata maganda yakaelea juu naye akayamwaga, kisha akazitia kinuni. Hapo ndipo alipouliza kuhusu ufuta, ambao Walebanoni huusaga ukawa kama siagi na kuuchanganya humo. Ufuta hakuwa nao, na hakuona sababu ya kuutafuta ilhali karanga zilikuwapo. Akakaanga karanga, akazitwanga, akatia kitunguu saumu, chumvi na ndimu mbili, na badala ya zeituni akamiminia mafuta ya alizeti. Rojo lililotoka lilikuwa la rangi ya udongo, zito zaidi ya lile la Masaki, na karanga zilisikika kabla ya dengu. Halikuwa homosi. Lilikuwa kitu kizuri sana.

Wateja wake walilipokea kila mtu kwa tabia yake. Kijana wa pikipiki aliuliza, "Mama, hii ni mboga ya nini?" akaambiwa ale kwanza maswali baadaye, akala na ugali, akaomba aongezewe. Mwanamke mmoja muuza vitenge alitaka kujua kama zinafaa kwa mwenye vidonda vya tumbo. Na mkulima mmoja aliyekuwa amekuja kutoka upande wa Misungwi kumwona nduguye aliitazama sahani kwa muda, akaisogeza kando kwa adabu, akasema, "Sisi dengu ni za kuuza, si za kula." Sidhani kama nimesikia mwaka huu sentensi iliyonena mengi kuliko hiyo juu ya kilimo chetu.

Wapo watakaosema kuwa kuweka karanga mahali pa ufuta, na ugali mahali pa mkate, ni kukiharibu chakula cha watu. Hao wangefaa kufahamu yaliyotokea Mexico, katika mji wa Puebla, ambako wahamiaji kutoka nchi za Kiarabu, Walebanoni wakiwamo, walifika katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita na ule mtindo wao wa nyama ya kondoo inayozungushwa wima mbele ya moto. Muda si muda kondoo akabadilishwa kwa nguruwe, mkate wa ngano kwa mkate wa mahindi, viungo vya Shamu kwa pilipili za Mexico, na leo chakula hicho ni fahari ya Wamexico kiasi cha wengi kutokumbuka kwamba kilitoka ng'ambo. Wapenzi wa kitimoto wa Katoro, ambao si wachache, wataona kwamba Wamexico waliwahi. Chakula kikihama hubadilika, na kisichobadilika aghalabu hubaki kuwa cha wageni, katika vyumba vyenye viyoyozi, kwa bei ya wageni.

Kipingamizi kilicho kizito nilikipata kwa yule mama mwenyewe, nacho hakikuhusu asili wala fahari. Baada ya wateja kuondoka alikaa akapiga hesabu kwa sauti. "Baba, dengu zinakula mkaa kuliko maharage. Nikiziuza bei ya maharage, nimeliwa. Nikiziuza bei ya kuku, nani atanunua?" Kwa mikahawa ya mjini, yenye gesi na masufuria ya kugandamiza mvuke, hilo si neno, lakini kwa mtu anayenunua mkaa kwa ndoo, hilo ndilo neno lenyewe. Serikali imekwisha kuzikataza taasisi zinazolisha watu wengi kutumia kuni na mkaa, na nishati safi inahimizwa kila siku redioni, lakini mtungi wa gesi haujazwi kwa himizo.

Suluhisho alilipata yeye. Kuna usiku ambao huinjika sufuria kubwa ya makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, ambayo lazima itokote mpaka alfajiri, na moto wa makongoro umekwisha kulipiwa na supu. Dengu huwekwa kando ya moto huo huo, zikalainika polepole bila ya gharama ya ziada, zikapondwa kukipambazuka. Kwa hivyo dengu zake haziuzwi jioni, kama nilivyokuwa nimetamani katika karamu yangu ya visahani, bali asubuhi, pamoja na supu na chapati, na wachimbaji wanaokwenda zamu huzichovya chapati wakiwa wamesimama. Mwanzoni nilisikitika, nikaona mpango wangu umepinduliwa. Kumbe Beirut na Tripoli ya Lebanoni nako homosi na ful, yaani maharage yao ya kuchemsha, huliwa sana asubuhi na watu wanaokwenda kazini, na zipo hoteli ndogo ambazo alfajiri huuza kandoni mwake supu ya miguu ya kondoo iliyotokota usiku kucha.